Jembe, uma, matandazo au sumu: chagua kwa kuangalia gugu lililoko uwanjani kwako

Mvua ya kwanza ya vuli ikishapiga huku kwetu Muriet, Arusha, siku ya nne au ya tano uwanja unabadilika rangi. Palipokuwa na vumbi panakuwa kijani, na kila mwenye nyumba anatoa jembe. Mwaka juzi nami nilitoa langu. Nilimwita kijana wa vibarua, akalima toka getini hadi nyuma ya jiko, jua linazama akaja kunawa mikono bombani: "Mama, nimemaliza. Hakuna hata jani." Nikamwambia ahsante mwanangu, nikamlipa, nikalala nimeridhika. Wiki tatu baadaye ndago ilikuwa imesimama nzito kuliko mwanzo, na imehamia hata kwenye njia ya chooni ambako haikuwahi kuonekana. Kijana hakuwa na kosa. Mimi ndiye niliyemtuma kazi isiyolifaa gugu lile.

Dada yangu yuko Mabogini, chini ya mji wa Moshi, kwenye joto kuliko kwetu. Shida yake ni mbigiri. Alikuwa akinunua sumu kila msimu na kupulizia uwanja mzima, na bado watoto wanaingia ndani wakichechemea, miiba imetoboa kandambili. Siku tulipokaa barazani kwake tukaulizana nani anafanya nini, iliniuma: jembe lililonishinda mimi lingeimaliza mbigiri yake, na sumu aliyokuwa akiimwaga bure kwenye mbigiri ingalau ingeipunguza nguvu ndago yangu.

Tangu hapo, mtu akiniuliza dawa ipi ni nzuri, namrudishia swali: gugu lako linaishi kwa mbegu, au kwa kitu kilichojificha ardhini? La mbegu hushughulikiwa mvua zinapoanza, kabla halijachanua. La chini ya ardhi huchimbuliwa kiangazi, jua likiwa kali. Ukibadilisha nyakati hizo, hata kifaa kizuri kinageuka kuwa mzigo.

Chimba mche mmoja kabla hujagusa mingine

Chukua kisu cha zamani, chagua mche mmoja, uchimbue polepole hadi uone mwisho wake. Usiuvute. Ukivuta unapata jani tu, jibu linabaki chini.

Mche wangu wa kwanza wa ndago niliuchimba hivyo, nimepiga magoti, karibu nusu saa. Chini ya shina palikuwa na kiazi kidogo cheusi, ukubwa wa punje ya maharage. Kwenye kiazi hicho ukatoka uzi mgumu, mwembamba kama kijiti cha fagio la chelewa, ukaenda kama urefu wa kidole ukafika kwenye kiazi kingine. Kisha kingine. Nilipofika cha 11 niliacha, kwa sababu uzi ulikuwa umeingia chini ya karo. Nikapasua kimoja kwa ukucha: ndani cheupe, kigumu, kina harufu ya mizizi ya dawa. Kila kimoja kina uwezo wa kuwa mche unaojitegemea. Vikiwa bado vimeunganishwa, vingi vinalala tu. Uzi ukikatwa vinaamka. Lile jembe la siku moja lilikuwa limeamsha uwanja mzima.

Sangari watu huichanganya na ndago kwa sababu kwa mbali zote ni majani membamba ya kijani. Vidole vinatosha kuzitenganisha. Bana shina la ndago ulizungushe, utahisi kona tatu. Sangari ni nyasi hasa, shina lake ni la mviringo na lina vifundo. Ardhini haina viazi, ina mashina marefu meupe yenye ncha kali yanayotambaa chini kwa chini, na kila kipande chenye kifundo kinaota upya. Ukoka nao una tabia hiyo hiyo, ila wenyewe unatambaa juu ya ardhi pia. Kwa uwanja mkavu mimi ukoka naupenda na nitaurudia baadaye.

Sasa chimba mbigiri uone tofauti. Mzizi ni mmoja, umeshuka wima, na matawi yamelala chini yakielekea pande zote. Vijani vimepangwa viwili viwili, ua ni la njano lenye petali 5. Tunda likikauka linaachana vipande 5 vyenye miiba, na vimeumbwa hivi kwamba kikianguka vyovyote, mwiba mmoja lazima utazame juu. Chini hakuna kiazi wala uzi. Ukikata ule mzizi kidole kimoja chini ya uso wa ardhi, mche umekufa na haurudi.

Gugu karoti lina majani yaliyochanika kama ya karoti, shina lenye mistari na vinyweleo, na vichwa vidogo vyeupe vya maua. Asili yake ni Amerika. Hapa nchini liliripotiwa mara ya kwanza mwaka 2010, na ni huku kwetu Arusha. Leo unalikuta kando ya barabara na kwenye viwanja visivyojengwa. Mche mmoja uliostawi unaweza kutoa mbegu hadi 25,000, na haungoji msimu uishe: kuanzia kuota hadi kuchanua ni kama wiki nne hadi sita. Utomvu na chavua yake vinawasha ngozi na kuamsha pumu kwa baadhi ya watu, na ng'ombe akilila maziwa yanakuwa machungu. Katika yote niliyotaja, hili ndilo ninaloliogopa kwa dhati.

Kishona nguo kila mtu anamjua. Akiwa mdogo anachumwa na kupikwa mboga, akikaribia kutoa sindano ang'olewe. Hana mambo mengi.

Mnanaha ni hatari ya namna nyingine. Una majani mapana yanayonuka vibaya, ua jeupe au la zambarau kama tarumbeta, na tunda la miiba lililojaa mbegu. Mmea wote ni sumu na mbegu zaidi, na watoto huzichezea. Huu haulinganishwi na kitu. Ukiuona, uung'oe siku hiyo hiyo.

Ndago na sangari: njia tano, na ninayoichagua

Jembe la kawaida halijakatazwa kabisa kwa ndago. Ndago huanza kutengeneza viazi vipya takribani wiki tatu baada ya kuchomoza. Ukipalilia kila wiki mbili bila kukosa, kiazi cha chini kinatumia akiba yake na hakirudishiwi kitu, mwisho kinaishiwa. Njia hii inafanya kazi. Lakini inataka misimu miwili au mitatu ya uaminifu, na sisi watu wa huku tunajijua: Desemba nyumba inafungwa, wote wanapanda Rombo au Machame kwa Krismasi. Ukirudi baada ya Mwaka Mpya, ndago imeshajaza ghala lake tena. Kama nyumba yako haibaki na mtu wa kudumu, usiichague.

Jembe uma, wakati wa kiangazi, ndilo ninalolichagua kwa ndago na sangari zote mbili. Wakati mzuri ni katikati ya Januari hadi Februari: mvua za vuli zimeisha, jua ni kali, na udongo bado haujawa mgumu kama tofali. Uma unanyanyua, haukati. Unageuza kipande kidogo, labda hatua tatu kwa tatu, unakung'uta udongo, unaacha viazi na mashina juu yapigwe na jua. Kiazi cha ndago kilicholala juu ya udongo mkavu kinakufa kwa muda wa kama wiki mbili. Sharti ni moja, nalo gumu: eneo hilo lisimwagiwe maji hata kikombe, wala ya kuoshea vyombo. Sangari iliyokauka ikusanye na uichome, usiitie kwenye mboji ikiwa na unyevu.

Kuna viazi vitakavyobaki. Vingi huwa katika sentimita 20 za juu, ila si vyote. Ndiyo maana nafanya kipande kidogo kidogo na kukirudia kiangazi kinachofuata, sijaribu uwanja mzima kwa mkupuo.

Nailoni watu wengi huiamini kupita kiasi. Kwa ndago usipoteze hela: ncha ya jani lake ni kama sindano, inatoboa nailoni nyeusi na kutokea juu. Kwa sangari na magugu ya mbegu nailoni inasaidia. Ile nyeupe ya kupitisha mwanga, ikitandazwa juu ya udongo uliolowanishwa na kubanwa kingo zote kwa wiki nne hadi sita, inapika mbegu zilizo karibu na uso wa ardhi. Hapa ndipo Arusha na Moshi zinapoachana. Mabogini mwezi wa Februari kuna joto la kutosha. Arusha mwezi wa Juni au Julai, wingu limefunika mji na baridi ya kipupwe imeingia, nailoni hiyo itakuotesheeni magugu kama kitalu.

Kivuli ni njia ninayotamani ingetumiwa zaidi. Ndago inapenda jua, ikifunikwa inadhoofika na kuzaa viazi vichache. Dada yangu kwenye kona yake ya nyuma amepanda ngwara. Ngwara inavumilia ukavu, inafunika ardhi, na mwisho wa siku ni chakula. Usipande viazi vitamu mahali penye ndago, kwa sababu ncha zake huvitoboa na utavuna vilivyochomwa.

Ya tano ni sumu. Iliyozoeleka madukani ni ya glaifoseti, ambayo inaingia kwa majani na kushuka hadi mizizini. Kwa ndago ina faida kuliko jembe la wakati wa mvua, ila inafika tu kwenye kiazi kilichounganishwa na jani la kijani lililo hai. Vilivyolala bila jani haviguswi, kwa hiyo utarudia. Na kuna jambo la huku kwetu ambalo muuzaji mara nyingi hakuambii: glaifoseti inanaswa na udongo. Majani ya kiangazi yaliyofunikwa na vumbi, au maji ya tope uliyochota mfongoni (mfereji wa kumwagilia) na kuyatia kwenye bomba la mgongoni, yanaimaliza nguvu kabla haijafanya kazi. Mmea uliosinyaa kwa ukame nao hauinywi vizuri. Ipulizie siku chache baada ya mvua, majani yakiwa safi na yanakua, kwa maji masafi, na usikate wala kulima kabla ya wiki moja au mbili kupita.

Mbigiri na gugu karoti: hapa sumu ni anasa

Kwa magugu haya mawili ushindani ni kati ya jembe na mkono, na anayeamua ni kalenda. Mbigiri huchanua wiki tatu hadi tano baada ya kuota, na mbegu zake hukaa ardhini miaka kadhaa zikisubiri mvua nzuri. Ukikata mche wiki ya pili kwa jembe kali, kazi ni ya sekunde. Ukingoja hadi miiba ikauke, unakata mche ambao tayari umeacha watoto chini yako, na utapalilia pale pale mwaka kesho na keshokutwa.

Uwanja ambao tayari umejaa miiba una dawa rahisi ambayo dada yangu aliifanya mwenyewe. Alichukua kipande cha godoro kuukuu la sponji, akaweka jiwe juu yake, akakifunga kamba na kukikokota uwanjani. Miiba inajichoma yenyewe kwenye sponji. Nilikishika kile kipande alipogeuza: upande wa chini ulikuwa mweusi kwa miiba, huwezi kuweka ncha ya kidole. Akakichoma moto chote. Alirudia mara nne mwezi ule wa Septemba, na mvua za vuli zilipokuja akapita na jembe kila Jumamosi asubuhi. Wenye kondoo wajue pia kwamba mbigiri ikiliwa kwa wingi inaweza kuwafanya ngozi ya uso ivimbe na kuungua juani.

Gugu karoti jembe linaliweza likiwa changa, lakini mimi napendelea mkono, udongo ukiwa umelowa, kwa sababu shina likikatwa juu ya ardhi linachipua tena. Kwa sababu hiyo hiyo fyekeo ndilo kifaa kibaya kuliko vyote kwa gugu hili. Linafyekwa leo, wiki mbili mbele limetoa matawi mengi na maua chini chini, usawa ambao fyekeo halifiki. Vaa glavu na mikono mirefu, funika pua, na usimpe mtoto kazi hiyo. Kama limeshachanua, lisiachwe kwenye rundo pembeni. Litie kwenye kiroba palepale ulipolikuta, ufunge mdomo, kisha lichomwe. Lisiwe matandazo, wala majani ya mbuzi.

Vitu ambavyo watu humwaga

Chumvi naisikia kila mwaka, na kila mwaka inaniumiza kuona mtu ameimwaga. Ni kweli majani yatakauka. Lakini sehemu ya mvua nyingi chumvi huoshwa ikashuka. Uwanja mkavu hauna maji ya kuiosha, inabaki pale pale, na mpapai utakaoupanda miaka inayofuata utanyauka bila wewe kujua sababu. Oili chafu ya gari ni mbaya zaidi. Inaua udongo na kushuka kuelekea maji ya watu. Visima vya mitaa ya chini vinapokea tunayomwaga sisi wa juu.

Maji yanayochemka yana mahali pake: kwenye nyufa za pevingi, ambako mziwaziwa na vijani vingine vya mizizi mifupi vinajipenyeza. Mwaga kutoka kwenye birika, taratibu. Kwa ndago hayafiki kiazi.

Na kwa anayeamua kutumia sumu ya duka, ninaomba mambo machache. Nunua chupa iliyofungwa yenye lebo na namba ya usajili. Msajili wa viuatilifu nchini ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, ndiyo TPHPA, na makao yake yako hapa hapa Arusha, Ngaramtoni. Usinunue iliyopimwa kwenye chupa ya soda, mtoto akiiona anaijua ni soda. Sumu za 2,4-D zinaua majani mapana na kuacha nyasi, lakini upepo ukizibeba zinakunja nyanya na mapapai ya jirani, na jirani huyo ndiye unayemwomba moto na chumvi. Kuhusu glaifoseti, mwaka 2015 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliiweka kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu, wakati mamlaka ya mazingira ya Marekani imeendelea kusema haioni hatari hiyo ikitumiwa kwa maelekezo. Mimi nina wajukuu wanaotambaa uwanjani, kwa hiyo kwangu imebaki nje ya uzio tu.

Uso wa uwanja wenyewe

Tumelelewa kufagia. Uwanja uliofagiliwa alfajiri, mistari ya fagio ikionekana, ni heshima ya nyumba na sitaki kuubeza. Ila ardhi tupu, iliyoshindiliwa na yenye jua kutwa, ndiyo nyumba ya mbigiri. Uwanja wa kufagia unafaa pale watu wanapopita kila siku. Pembeni, ambako fagio linafika mara moja kwa wiki, miiba ndiko inakozalia.

Ukoka katika maeneo makavu una faida kuliko nyasi za kikuyu. Ukikosa maji unakuwa wa kahawia, mvua zikirudi unarudi, na ukishikamana haumwachii mbigiri nafasi. Gharama yake ni bustani: lazima uwe na mstari wa matofali au mtaro mdogo wa kuuzuia, la sivyo utaingia kwenye mchicha. Mwenye bustani ndogo ya mboga na nafasi finyu asiuchague.

Matandazo ndiyo niliyoweka chini ya miti na kwenye vitanda vya maua. Moshi wana bahati ya pumba za mpunga na maganda ya kahawa, sisi Arusha tunatumia majani makavu na mabua ya mahindi. Unene uwe sentimita 7 hadi 10, chini ya hapo mbegu zinaona mwanga na kuota. Yanazuia magugu ya mbegu na kutunza unyevu, ila ndago inapita katikati yake bila shida, kwa hiyo maliza kwanza kazi ya uma. Na mchwa wapo: acha hatua moja kati ya matandazo na ukuta wa nyumba.

Pevingi na moramu vinaonekana kama mwisho wa habari, na kwa magugu ya mbegu vinapunguza kweli. Ndago ikizikwa chini yake bila kuondolewa itainua kingo na kutokea kwenye viungo. Lakini ninachokihofia zaidi ni lori. Mbegu za gugu karoti zinasafiri kwenye matairi, kwenye mchanga, kwenye moramu na kwenye samadi, na viwanja vingi vya mtaani kwetu viliambukizwa siku mwenyewe alipolipia mzigo wa udongo mzuri. Muulize dereva amechota wapi, na kama unaweza, nenda ukaone kama gugu hilo limesimama pale. Mzigo ukifika, aumwage mahali pamoja karibu na geti, usiutandaze. Umwagie maji, ungoje wiki mbili, na kila chenye jani la karoti ukitoe kikiwa bado na majani manne.